Kuishi Bila Laini ya Stima: Familia ya Sindo Ianzie Wapi

Maelezo kwa wakazi katika baraza



Mtu akisimama ufuoni Sindo usiku wa giza la mwezi, huona mstari wa taa majini. Hao ni wavuvi wa omena. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zilizowaka juu ya maboya kwa kelele na moshi. Siku hizi nyingi ni taa za LED, na betri zake huchajiwa kwa jua mchana wakati mvuvi amelala. Mtu huyo akigeuka na kutazama vilima vya Gwassi, ataona madirisha machache yenye mwanga na giza kubwa kati yake. Mvuvi aliye katikati ya ziwa amekwisha kuacha mafuta ya taa, ilhali mama yake mlimani bado anawasha koroboi ili mjukuu asome.

Mada ya leo ni huyo mama wa mlimani, na yeyote anayetaka kuendesha nyumba yake bila kungoja nguzo: mwanga, simu, redio, maji na jiko. Jambo kubwa ni moja, nalo litarudi mara kadhaa. Kazi hii huanza na daftari. Paneli huja baadaye. Familia nyingi zilizovunjika moyo na sola zilinunua kwanza, zikapiga hesabu baadaye.

Kabla ya lolote, kuna swali ambalo wauzaji wa sola hawapendi kulisikia. Je, transfoma iko umbali gani? Mradi wa serikali wa kuunganisha stima mashinani, ulioanza 2015, uliwalenga wanaoishi ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma, na ada ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Anayeishi karibu hivyo, hasa mwenye kinyozi, welding, posho mill au duka la baridi, aulize kwanza habari ya laini. Injini ya posho mill ya umeme huhitaji kilowati kadhaa kwa mpigo. Paneli mbili juu ya paa haziwezi kuisukuma, hata fundi aape. Nyumba ya kawaida yenye taa, simu na televisheni ndogo hutumia uniti 6 hivi kwa mwezi, na kwenye laini hiyo huangukia daraja la chini kabisa la bei, lile lisilozidi uniti 30. Kwa hiyo sola si lazima iwe rahisi kuliko stima pale stima ilipo. Sola ni ya yule aliye mbali na transfoma, au yule ambaye stima yake hukatika mara kwa mara naye hawezi kungoja.

Ikumbukwe pia kwamba ule mradi mkubwa wa taifa wa sola nje ya gridi, unaojulikana kama KOSAP, ulipangiwa kaunti 14, kuanzia Turkana na Mandera hadi Lamu na Kwale. Homa Bay haimo. Anayekuja kijijini na fomu akidai kuandikisha watu wapate paneli za bure za mradi huo aulizwe maswali makali kabla ya kupewa nambari ya kitambulisho, sembuse pesa ya usajili.

Sasa daftari. Familia iandike kwa wiki moja kila kitu inachotaka kuwasha, ni cha wati ngapi, na kitawaka kwa saa ngapi. Wati ukizidisha kwa saa unapata wati-saa, na hiyo ndiyo debe la kupimia hesabu yote.

Chukua mfano wa mama anayekausha omena na kuuza kwa gorogoro, mwenye watoto wa shule watatu. Anataka taa 3 za LED, kila moja wati 5, ziwake saa 5: hiyo ni wati-saa 75. Simu mbili kwa siku, wati-saa 20. Redio ya wati 5 kwa saa 4, wati-saa 20. Televisheni ndogo ya volti 12, yenye wati 20, kwa saa 4 za jioni, wati-saa 80. Jumla ni 195. Tuseme 200 kwa siku.

Watu wengi huuliza kwanza juu ya paneli kwa sababu ndiyo inayoonekana na jirani. Lakini kitu kinachokufa mapema ni betri, na betri ndiyo inayoamua kama nyumba itakuwa na mwanga saa nne usiku. Nyumba ya wati-saa 200 inafaa iweze kuvumilia siku mbili za mawingu, yaani wati-saa 400. Betri ya kawaida ya risasi na asidi haipendi kutumiwa zaidi ya nusu. Ikikamuliwa hadi mwisho kila usiku, hufa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo inahitajika ya wati-saa 800, na ukigawanya kwa volti 12 unapata karibu ampea-saa 70. Betri ya lithiamu huvumilia kutumiwa hadi asilimia 80, hivyo ya ampea-saa 40 inatosha kazi ile ile. Bei yake ya kwanza ni kubwa zaidi, lakini kwa kawaida hudumu miaka mingi zaidi. Betri ya gari iliyochoka, ile inayouzwa kwa bei ya huruma kando ya barabara, ilitengenezwa kupiga stata kwa sekunde chache, na kuwasha taa usiku kucha si kazi yake. Anayeinunua kwa ajili ya nyumba atarudi sokoni mapema.

Paneli ndiyo hesabu rahisi. Eneo la ziwa hupata jua zuri, lakini ni busara kuhesabu saa 4 tu za jua kali kwa siku, kwa sababu ya mawingu ya alasiri. Wati-saa 200 ukigawanya kwa 4 ni wati 50. Ongeza kinachopotea kwenye waya, joto na vumbi, ufike wati 70. Dukani achukue paneli ya wati 80 au 100. Kati ya paneli na betri lazima iwepo kontrola ya chaji, na kati ya betri na nyumba lazima iwepo fyuzi. Fundi anayesema fyuzi ni gharama ya bure huyo si fundi. Betri ikipata shoti bila fyuzi, waya huwa mwekundu kama msumari wa mhunzi, na nyumba ya makuti haitoi nafasi ya pili.

Daftari hilo hilo huonyesha pia kisichowezekana. Birika la stima la wati 1,500 likiwashwa kwa dakika 8 humaliza wati-saa 200, yaani chai moja imekula taa, simu, redio na televisheni ya siku nzima. Pasi ni vivyo hivyo. Kijana aliyetoka Nairobi na pasi yake ya umeme hana haja ya kugombana na mama, anachohitaji ni pasi ya makaa.

Kuhusu mahali pa kuweka paneli, Sindo iko kama nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Jua hupita karibu na utosi. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba huegemea kaskazini, na miezi mingine huegemea kusini. Kwa hiyo ubishi wa upande gani si mkubwa hapa kama ulivyo katika nchi za mbali na ikweta. Mwinamo wa digrii 10 hadi 15 unatosha, na faida yake kubwa ni kwamba mvua huteremka na uchafu. Uchafu wa hapa ni wa aina yake: vumbi la barabara, kinyesi cha ndege, na wale wadudu wa ziwani wanaopaa kwa makundi kama moshi na kuganda popote palipo na unyevu. Paneli ifutwe kwa kitambaa laini na maji asubuhi mapema ikiwa bado baridi. Kivuli ni kibaya kuliko uchafu. Tawi moja la mwembe likifunika kona ya paneli linaweza kushusha umeme kwa kiasi kikubwa, kwa sababu seli zimefungwa mfuatano na ile iliyofunikwa hubana zenzake. Na paneli ifungwe kwa boliti ambazo haziwezi kufunguliwa kwa spana ya kawaida, kwa sababu zinazojulikana.

Sasa suala la boma. Katika boma la hapa nyumba si moja. Kuna nyumba ya mama, kuna jiko nje, kuna simba ya kijana karibu na lango, na pengine nyumba ya mke wa pili. Baba hununua mfumo mmoja, kisha waya huvutwa uani kutoka nyumba hadi nyumba. Mwezi wa kwanza kila mtu anafurahi. Baadaye taa ya simba inakuwa nyekundu kama kaa, televisheni inajizima, na lawama zinaanza: mama anasema kijana anaiba chaji, kijana anasema betri ni feki.

Mara nyingi hakuna mwizi hapo, na tatizo ni waya. Umeme wa volti 12 hauna nguvu ya kusafiri. Waya wa shaba wa milimita 2.5 ukivutwa mita 30 ukiwa umebeba ampea 4 hupoteza karibu volti 2 njiani, kwa kuwa umeme huenda na kurudi, jumla mita 60. Volti 12 zilizotoka kwa mama zinafika simba zikiwa 10, na vyombo vingi hukataa kufanya kazi chini ya hapo. Ukitumia ule waya mwembamba wa spika ambao mafundi wengine hupenda, hasara ni kubwa zaidi. Dawa ni kuweka betri karibu na inapotumika, kutumia waya mnene, na kwa simba kununua kifaa chake kidogo: paneli ya wati 10 au 20 yenye taa mbili na sehemu ya kuchaji simu. Hilo huleta amani kuliko kikao cha ukoo.

Njia nyingine ni inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa volti 240 zinazosafiri vizuri. Lakini inveta nayo hula umeme hata ikiwa haifanyi kazi yoyote, na volti 240 zinaua. Boma lililofika hapo limehitaji fundi mwenye leseni.

Habari ya mafundi ina historia nzuri hapa Kenya. Katikati ya miaka ya 1980, Shule ya Upili ya Harambee ya Karamugi, kule Meru, ilikuwa karibu kununua jenereta ya dizeli. Mwalimu mmoja Mmarekani wa kujitolea, Mark Hankins, alikutana na mhandisi Harold Burris aliyekuwa akifunga sola, na shule ikachagua paneli. Kilichobaki baada ya shule kupata mwanga kilikuwa na thamani kuliko paneli zenyewe: vijana wa eneo hilo walifundishwa kufunga na kutengeneza, wakaanza kuwafungia walimu na wakulima wa kahawa waliokuwa na pesa taslimu. Soko la sola la Kenya lilikua hivyo, watu wakinunua kwa mifuko yao kabla serikali haijaweka kanuni yoyote. Kanuni zilikuja 2012. Tangu hapo fundi wa sola hutakiwa kuwa na leseni, ambayo leo hutolewa na EPRA, kwa madaraja T1, T2 na T3, kuanzia mifumo midogo hadi mikubwa. Mkazi ana haki ya kumwambia fundi aonyeshe leseni yake kabla hajapanda ngazi. Si utovu wa adabu. Fundi wa kweli huitoa mfukoni kabla hajaulizwa.

Kuna familia ambayo haina pesa taslimu za paneli wala betri, na hiyo ndiyo familia nyingi. Kwa hao mlango uliofunguka ni wa kulipa mdogo mdogo. M-Pesa ilikuja 2007, na kufikia 2012 kampuni kama M-KOPA zilianza kuuza sola kwa mkopo unaolipwa kila siku kwa simu. Malipo yakikosekana, kifaa hujifunga hadi yaendelee. Mpango huu umeingiza mwanga katika nyumba nyingi ambazo benki isingezitazama. Ila una kona mbili za kuangalia.

Kona ya kwanza ni hesabu ya jumla. Muuzaji husema shilingi 50 kwa siku, na shilingi 50 inasikika kama bei ya sukari. Kwa mfano tu, malipo ya kwanza ya 3,000 na shilingi 50 kila siku kwa siku 400 ni shilingi 23,000. Mteja aulize bei ya taslimu ya kifaa hicho hicho, aandike namba mbili kando kwa kando kwenye lile daftari, kisha aamue. Pengine tofauti inastahili, kwa kuwa familia inapata mwanga leo na inaacha kununua mafuta ya taa. Mafuta ya taa nayo si rahisi tena. Mnamo Septemba 2018 yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia yasichanganywe na dizeli, na mzigo huo ukamwangukia mwenye koroboi. Lakini pengine chama cha akina mama chenye kuzungusha pesa kingemkopesha mwanachama kwa riba ndogo kuliko hiyo tofauti.

Kona ya pili ni kubwa zaidi kwa watu wa Sindo, na haimo kwenye karatasi ya muuzaji wa Nairobi. Pesa za ufuoni haziji kila siku. Omena huvuliwa kwenye giza. Mwezi ukijaa, mitumbwi hulala na mfuko hulala. Tena kuna msimu wa kufungwa kwa uvuvi wa omena, kwa kawaida Aprili hadi Julai, ili samaki wazaliane. Mvua za masika nazo huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Kwa hiyo mwezi wa Aprili hukutana mambo matatu: hakuna omena, mawingu yamefunika paneli, na kampuni inangoja malipo ya kila siku. Familia inayosaini mkataba Oktoba, wakati pesa ipo na jua linawaka, haioni Aprili inakuja. Kifaa kinajifunga, watoto wanarudi kwenye koroboi muhula ukiendelea, na wengine wananyang'anywa kifaa wakiwa wamekwisha kulipa zaidi ya nusu.

Kinga yake ipo. Mteja aulize kabla ya kusaini: je, anaweza kulipa siku nyingi mbele wakati wa giza la mwezi, ili zimfunike mwezi ukijaa? Akikosa wiki tatu, nini hutokea? Akirudisha kifaa, hurudishiwa kiasi gani? Majibu yawe kwenye karatasi. Wavuvi wamezoea kuweka akiba kupitia BMU au kikundi cha ufuo, na akiba ya miezi hiyo minne inafaa itengwe mapema kama karo inavyotengwa. Na kuhusu mawingu, mfumo upimwe kwa jua la Aprili. Ndiyo maana hesabu ya juu ilitumia saa 4 za jua na siku mbili za akiba. Wakati wa mvua televisheni ipumzike ili taa za kusomea zisizime.

Kwa anayenunua kifaa kidogo dukani, alama ya kutafuta ni ya VeraSol, ambayo zamani ilijulikana kama Lighting Global. Ina maana kifaa kilipimwa maabara kama kinatoa mwanga kinaoahidi na kama betri hudumu. Taa nyingi za bei rahisi zilizoandikwa wati 100 kwa herufi kubwa hazifiki hata robo yake. Mnunuzi adai risiti na karatasi ya waranti yenye muhuri wa duka, jina la kifaa na namba yake ya siri, na awashe pale pale kabla ya kuondoka. Waranti ya muuzaji wa siku ya soko ambaye hana duka ni maneno tu.

Nyumba isiyotegemea laini haiishi kwa taa peke yake. Maji ni nusu ya habari, na hapa kuna kinaya: ziwa kubwa kuliko yote Afrika liko mlangoni, lakini mtu akilinywa kama lilivyo anaugua. Kichocho huingia kupitia ngozi kwa wanaosimama majini kuchota na kufua, na kipindupindu hurudi kila mara usafi unapolegea. Hospitali na vituo vya afya hutibu vyote viwili, lakini kuchota maji ya paa ni rahisi kuliko kutibiwa.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati la mita 6 kwa 7 lina mita za mraba 42, hivyo mvua moja nzuri ya milimita 10 inaleta lita 420. Ondoa moja kwa tano inayomwagika, zinabaki kama 336. Familia ikitenga mitungi miwili ya lita 20 kwa siku, kwa kunywa na kupika pekee, mvua hiyo moja ni siku 8. Kuvuka miezi miwili ya kiangazi inahitaji lita 2,400, yaani tangi la lita 2,500. Maji ya kwanza ya mvua yamwagwe kwa sababu yameosha paa na ndege wake. Tangi lifunikwe lisiwe nyumba ya mbu, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini hata hivyo. Mwenye paa la nyasi anaweza kuanza kwa kuezeka jiko tu kwa mabati na kuweka gata upande mmoja.

Kupika ndiko ambako sola ndogo haifiki, kama birika lilivyoonyesha. Kwa sasa hatua ya kwanza ya mwenye kipato kidogo ni jiko linalobana moto: jiko la kauri kwa makaa, au Upesi la udongo kwa kuni, ambalo limetumika sana magharibi mwa Kenya. Gesi ya samadi ni nzuri kwa mwenye ng'ombe wawili au zaidi waliofungiwa zizini, kwa sababu mtambo unataka samadi kila siku na maji kiasi sawa na samadi hiyo. Ng'ombe wa Lambwe wanaozurura mchana kutwa wanaacha samadi yao malishoni, na anayeishi mlimani na kubeba maji kwa punda atafikiri mara mbili.

Jenereta ya petroli isahauliwe ndani ya nyumba kabisa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa ni hatari vivyo hivyo.

Radi nayo isipuuzwe. Ukanda huu wa ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi. Paneli iliyo juu ya paa la nyumba ya mlimani iwe na waya wa ardhi ulioungwa na nondo iliyopigwa chini hadi kwenye udongo wenye unyevu, na kabla radi haijaanza, waya za paneli zichomolewe kwenye kontrola. Kwa shule na zahanati hili ni agizo la kwanza kwa fundi.

Mkazi ana nafasi pia nje ya boma lake. Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi, na mpango huo unahitaji kujua ni kijiji gani kiko mbali na transfoma, ufuo gani unahitaji friji ya pamoja ya samaki, zahanati gani hutumia tochi ya simu akina mama wakijifungua usiku. Friji moja ya ufuo inayoendeshwa na BMU kwa paneli nyingi ina maana kuliko friji kumi ndogo zinazokufa nyumbani. Mambo hayo husemwa kwenye vikao vya maoni vya wadi, na msimamizi wa wadi huyapokea pia kwa maandishi. Barua ya ukurasa mmoja, yenye jina la kijiji, idadi ya nyumba na umbali wa transfoma, hupata pa kuanzia haraka kuliko malalamiko ya barazani.

La mwisho ni betri iliyokufa. Ya risasi ina sumu ambayo huingia kwa watoto kwanza. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Kilifungwa 2014, na kesi yao ya fidia ilifika hadi Mahakama ya Juu, iliyoamua kwa upande wao Desemba 2024. Kwa hiyo betri isipasuliwe uani ili risasi iyeyushwe kuwa uzito wa nyavu, jambo ambalo vijana wa ufuoni wanalijua vizuri. Asidi isimwagwe karibu na ziwa wala kisima. Betri ihifadhiwe ikiwa imesimama, juu ya ubao, mbali na watoto, na siku ya kununua mpya ipelekwe kwa muuzaji aikate kwenye bei. Wauzaji wengi wa betri za risasi hukubali, maana risasi yake ina soko. Ile ya lithiamu isichomwe moto wala kutobolewa. Irudishwe kwa kampuni iliyoiuza, na mteja aulize siku ya kununua kama kampuni hiyo huzipokea.